Ovaroli Mbili za Kurukia Mto

Jumatatu, 2 Machi

Siku mbaya tangu asubuhi. Bata bukini wa jirani ameingia kwenye chumba changu cha kazi. Dume. Shingo ndefu, macho ya askari wa getini. Nilikuwa nakata suruali ya mteja, na Fundi Vifungo amesimama mlangoni, amekuja kuchukua mashati.

Fundi Vifungo ndiye anayetia vifungo na kupinda mapindo kwa mafundi wote wa safu yetu ya vibanda. Chumba chake kimepakana na changu, kuna mlango katikati, nikikohoa anasikia. Nimemwomba tuoane. Amesema atanijibu Jumapili hii. Kwa hiyo wiki hii haikuwa wiki ya kufanya upuuzi.

Bata akafungua mabawa. Nikajikuta juu ya meza ya kukatia. Kupanda sikumbuki. Nakumbuka tu nilimdaka Fundi Vifungo mkono, naye akawa juu ya meza pia, mashati kifuani, viatu vyake juu ya suruali ya mteja. Tulikaa huko mpaka mwenye bata alipokuja kumtia kwapani na kuondoka naye. Mwenye bata ni bibi kizee anayetembelea mkongojo.

Fundi Vifungo alicheka mpaka akakaa sakafuni. Kufikia mchana safu nzima ilikuwa na habari. Fundi viatu akaniuliza hali ya meza.

Na Fundi Simu je! Huyu anatengeneza simu mkabala na mlango wangu, anajipaka mafuta ya nywele kana kwamba kuna shindano. Akatoka nje akasema wengine wamepanda meza, yeye alipanda Kidevu. Kidevu ni mwamba uliojitokeza juu ya mto, safari ya nusu siku kutoka hapa. Vijana huruka kutoka juu yake, wale wasio na mama. Ukutani kwake kuna picha ya mrukaji, anasema ndiye yeye, yuko hewani, mikono ameitanua, mgongo umeelekea kamera. Kila mteja lazima aionyeshwe. Leo kamwita Fundi Vifungo, naye akaitazama muda mrefu mno. Akaisogelea kabisa.

Nikasikia mtu anasema kwamba Jumamosi hii na yeye anaruka Kidevu. Nikageuka kumwona mpumbavu huyo. Nilikuwa mimi.

Fundi Vifungo akauliza kama najua kuogelea. Nikasema kuogelea ni jambo la baadaye, kwanza mtu huruka. Mdomo huponza kichwa.

Jumanne, 3 Machi

Niliamka nikitumaini ni ndoto. Fundi viatu akapita dirishani kuniuliza kama niko radhi kumwachia meza. Si ndoto.

Mazoezi. Naishi kwa dada yangu mkubwa, na alipokwenda sokoni nikajaza maji beseni lake kubwa, nikatia kichwa. Nilikusudia kukaa humo kwa utulivu. Nikakumbuka nimesahau kuvuta pumzi kwanza. Nikaivuta humo humo.

Baada ya kukohoa sana nikahamia zoezi la kimo. Nikapanda stuli, nikatanua mikono kama mtu wa kwenye picha, nikajirusha kitandani. Mrukaji salama. Chaga za kitanda hazikuwa salama.

Dada akarudi. Akatazama kitanda, akatazama maji sakafuni, akatazama nywele zangu. Akasema maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Nikamjibu kwamba ndivyo ninavyofanya. Akasema vizuri, ila beseni ni la kufulia, nikishamaliza kuzama nilirudishe uani.

Hakuna anayeniunga mkono katika nyumba hii.

Jumatano, 4 Machi

Nimepata! Nilikuwa napiga pasi. Mawazo yangu makubwa yote huja na mvuke.

Katika picha ya Fundi Simu uso hauonekani. Unaonekana mgongo. Sasa, kama mgongo ndio unaoruka, kuna ulazima gani uwe wangu?

Nikaenda mbio kwa Cheche. Cheche anachomelea mageti na madirisha, rafiki yangu tangu darasa la kwanza. Mabega yake lazima ayaingize mlangoni kwa zamu. Kalelewa na babu yake kando ya bwawa, anaogelea kama chura. Ni mtu wa maneno machache, na akishasema sawa basi ni sawa.

Nikampa mpango. Ovaroli mbili za rangi moja, zenye kofia ya kufunika kichwa. Kwanza mimi nasimama ukingoni, uso wazi, nasema maneno machache, yeye ananirekodi kwa simu. Halafu yeye anavuta kofia, anaruka, mimi namrekodi kwa mbali. Mwisho mimi natoka majini nimelowa, uso wazi, natabasamu. Vipande vitatu, mrukaji mmoja.

Cheche akazima mtambo, akavua miwani, akauliza kwa nini nisimwambie tu Fundi Vifungo kwamba naogopa. Nikamweleza kwamba yeye mambo ya mapenzi hayajui. Akakubali, hayajui. Akauliza kama ovaroli atabaki nayo, maana ya kwake imetobolewa na moto mpaka imekuwa chujio. Nikasema atabaki nayo. Akasema sawa.

Nilirudi nikiimba. Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Zangu leo zilisimama.

Alhamisi, 5 Machi

Kushona kutwa. Kitambaa chepesi cha hema, rangi ya chungwa, mtu akiwa ng'ambo ya mto anaonekana. Zipu mbele badala ya vifungo. Hilo nimelipanga makusudi, ili kazi isipite mikononi mwa Fundi Vifungo. Nani kasema sifikirii mbele?

Ovaroli zote mbili nilizikata kwa vipimo vyangu ili zifanane. Nikamwita Cheche aijaribu. Akainua mikono. Mgongo ukapanda, makwapa yakavuta, suruali ikaishia kwenye ugoko. Godoro ndani ya foronya. Cheche akasema si neno, ni ya siku moja.

Si neno! Nikajaribu kutotazama. Nikageukia dirisha. Nikanywa maji. Nikarudi kutazama, makwapa bado yanavuta. Mimi nina aibu nyingi, lakini nguo inayovuta makwapa haijapata kutoka kwenye cherehani yangu. Nikamsimamisha sawasawa, nikamchukua vipimo vyote, nikafumua, nikakata upya. Bega kwa bega, kiuno kwa kiuno. Alipovaa tena nilimzungusha kama sahani ya karamu, kwa kujifurahisha tu. Mshono umemlala mgongoni hata huoni ulipoanzia.

Yangu nimeshona kama kawaida, na kipande cha sponji ndani ya bega la kushoto. Bega hilo limeshuka tangu utotoni. Siri hiyo tunaijua mimi na cherehani.

Jioni Fundi Vifungo akaingia. Nikazifunika ovaroli kwa kitambaa cha pazia. Hakuuliza kitu. Akasema kwa sauti ya chini kwamba naweza kuahirisha hiyo safari, yeye hatanicheka. Ilibaki neno moja tu la kusema.

Nikasema mwanamume akishasema amesema. Akanitazama kidogo, akachukua mashati yake akaenda.

Ijumaa, 6 Machi

Safari. Tumepata lifti kwenye lori la magodoro, kwa sharti la kusaidia kushusha. Cheche akalala juu ya shehena na kukoroma kabla hatujafika barabara kuu. Mimi nikatumia nafasi hiyo kwa mazoezi, maana lini tena mtu atapata magodoro mengi hivyo bure? Nikawa naruka kutoka rundo la juu kwenda la chini, mikono nimeitanua. Mara ya kwanza, safi. Mara ya pili, safi zaidi. Mara ya tatu dereva akakata kona.

Cheche alinikuta nimebanwa kati ya magodoro na ubao wa lori, miguu juu. Anasema aliamshwa na mtu anayemwita mama yake. Nimemwambia ni upepo.

Kushusha kulikuwa kwingi. Cheche alibeba mawili mawili. Mimi nilibeba moja, au lilinibeba, dereva hakuweza kuamua.

Tumepanga nyumba ya wageni karibu na mto. Unausikia kutoka chumbani, unanguruma mfululizo, haupumziki kama mito mingine. Mama mwenye nyumba akauliza ni yupi kati yetu anayeruka. Nikatoa kifua. Akanitazama kuanzia viatu hadi kichwa, akasema mume wake naye aliruka ujanani, na tangu hapo akiitwa kutoka kulia anageuka kushoto. Kisha akamwongezea Cheche chakula. Sielewi kwa nini Cheche.

Jumamosi, 7 Machi

Naandika nikiwa nimejifunika blanketi mbili. Nitaeleza kwa utaratibu.

Kidevu kiko juu kuliko nilivyoambiwa. Nyumba ya ghorofa mbili ukiiweka pembeni yake inaona haya. Chini maji ni ya kijani, yametulia kwenye shimo moja, kisha yanapinda na kukimbia juu ya mawe. Watoto wa shule, wametoka masomo ya Jumamosi, walikuwa wanaruka mmoja baada ya mwingine, na madaftari wameyaacha ukingoni.

Kipande cha kwanza: hotuba. Nilikusudia kusimama ukingoni, mkono kiunoni. Nikasogea. Magoti yakaniambia tusimame hapa. Mwisho niliitoa hotuba nimekaa chini, mkono mmoja umeshika mzizi. Nilisema kwamba mwanamume hupimwa kwa kimo chake. Msichana mmoja mwenye sare ya shule akaniuliza kama anaweza kupita, nimeziba njia.

Kipande cha pili: Cheche. Nikashuka hadi kando ya shimo, nikashika simu kwa mikono miwili. Cheche akavuta kofia, akatembea hadi ncha ya mwamba kama mtu anayekwenda dukani, akaruka. Jamani. Alitanua mikono akatua hewani kidogo, hivyo ndivyo ilivyoonekana, kisha akaingia majini bila kelele. Watoto wakapiga makofi. Mimi pia nilipiga makofi, ndiyo maana mwisho wa kipande kile unaonyesha nyasi. Na ile ovaroli! Mikono juu kabisa, na mgongo haukupanda hata kidole.

Kipande cha tatu ndicho kilichokuwa rahisi. Kuingia maji ya kifundo cha mguu, kujimwagia, kutoka nikitabasamu. Cheche akachukua simu. Nikaingia. Jiwe lilikuwa na utelezi. Mguu ukaenda, mwili ukafuata, mto ukapokea.

Niliogopa. Sina namna nyingine ya kuliandika. Nilikuwa naona mbingu, halafu maji, halafu mbingu, na kila nikifungua mdomo kumwita Cheche unajaa. Nilimfikiria dada na beseni lake. Nilimfikiria Fundi Vifungo Jumapili, amesimama mlangoni na jibu lake, na mimi sipo wa kulipokea. Hilo liliniuma kuliko mawe.

Kisha kitu kikanishika kola. Cheche. Alitupa simu nyasini akaruka tena, mara hii bila kujali mikono iko wapi. Akanivuta hadi mchangani kwa kola ile ile, akanilaza kifudifudi, akanigonga mgongo mpaka nikarudisha mto wote mahali pake. Kola haikuachia hata uzi mmoja. Nilipoweza kusema ndilo neno la kwanza nililosema.

Cheche alikuwa anatetemeka. Sijapata kumwona akitetemeka. Akaniambia nisimfanyie hivi tena, na mkono wake ulikuwa bado umeshika kola yangu.

Akaongeza kwamba nikitaka tuache ile rekodi, tuseme ukweli tu, na ukweli wenyewe si mbaya kwa mtu aliyenusurika. Nikamwuliza kama simu imelowa. Haikulowa. Kipande cha tatu tukakichukua pale pale mchangani, maana kulowa nilikuwa nimelowa tayari.

Jumapili, 8 Machi

Tumerudi mchana. Safu nzima ilikuwa inatungoja: fundi viatu, Fundi Simu na mafuta yake, hata bibi mwenye bata, na bata. Nikaona vyema hadhara iwe kubwa. Nikawaonyesha vipande vile vitatu kwenye simu, simu ikapita mkono kwa mkono. Walipofika kwenye kuruka wakashangilia. Fundi Simu akanyamaza. Nilitamani dakika ile iongezwe pindo, iwe ndefu.

Simu ikafika kwa Fundi Vifungo. Akatazama hotuba, akatazama kuruka. Akarudisha kuruka. Akasimamisha pale mikono ilipotanuka, akaisogeza simu machoni, vile vile alivyoisogelea picha ya Fundi Simu siku ile.

Akauliza huyu ni nani. Nikasema ni mimi.

Akasema hapana. Akasema amenitilia vifungo mashati yangu yote kwa miaka, na hakuna shati langu lisilo na sponji bega la kushoto. Huyu anayeruka mabega yake yamelingana. Akasema tena kwamba ovaroli iliyo kwenye hotuba na ovaroli iliyo hewani hazikukatwa kwa mwili mmoja, kila moja imekaa kwa mwenyewe, na fundi wa kukalisha nguo hivyo hapa mjini anamjua mmoja tu. Kisha akageuka kumtazama Cheche, aliyekuwa nyuma ya watu anakula ndizi, amevaa ovaroli ya chungwa.

Nilikuwa nimemwambia aivue. Anasema inamkaa vizuri mno.

Kicheko kilichotoka sitakieleza. Fundi Simu alicheka akijishika tumbo, mpaka Fundi Vifungo akamgeukia na yeye. Akamwuliza yule wa ukutani miguu mirefu hivyo aliitoa wapi, maana suruali zote za Fundi Simu ni yeye anayezipunguza, na kila moja anapunguza kiganja kizima. Fundi Simu akakumbuka ana mteja ndani. Bata akamfuata.

Njia ya mwongo ni fupi, lakini ile ya leo haikufika hata barazani.

Watu walipotawanyika akaingia chumbani kwangu, akakaa kwenye meza ya kukatia. Nikamweleza yote, hata habari ya mto, nikitazama sakafu. Akasema jibu alikuwa nalo tangu Jumatatu. Kwamba mtu anayemwogopa bata kiasi kile, na bado akakumbuka kumvuta yeye kwanza, ni mtu wa kukaa naye. Jibu lilikuwa ndiyo. Alikuja Alhamisi kuniambia, nikamwambia habari za mwanamume akishasema.

Nilitaka kulia. Nikajifanya natafuta sindano.

Akasema sasa hajui. Woga haumsumbui, mto nusura unichukue ndio unamsumbua, na uongo ndio ulionipeleka. Jumamosi ijayo mama yake anakuja kuniona, hapo hapo atanijibu. Sharti moja: hadi siku hiyo nisimdanganye, yeye wala mama yake, hata kidogo. Uongo mmoja tu, atanirudishia mashati yangu bila vifungo na mlango wa katikati ataujengea tofali.

Nikaapa. Niliapa kwa moyo wote. Nikasema nimejifunza, na machozi yakanitoka kweli, hakuna sindano tena.

Jumatano, 11 Machi

Siku ya tatu bila uongo. Ngumu, lakini najisikia mwepesi. Jana mteja kaniuliza kama suti inampendeza, nikamwambia. Hajarudi.

Leo Fundi Vifungo kanieleza kwamba mama yake huwapenda wanaume wanaojua kupika. Akaniuliza kama najua. Nikamwambia ukweli, sijui, hata maji mimi huyaunguza. Akatabasamu, tabasamu ambalo sijaliona tangu kisa cha meza. Akasema si neno, mama atakunywa chai na mkate kama watu wengine, atafurahi kuona mtu mkweli.

Chai na mkate. Kwa mama mkwe!

Nilikuwa napiga pasi wazo lilipokuja. Cheche anapika. Anapikia karakana nzima, na watu wanaramba sahani. Jumamosi atakuwa jikoni kwa dada, mimi nitakuwa naingia na kutoka na mabakuli. Sitasema nimepika. Nitasema karibuni mezani, jambo ambalo ni kweli tupu. Mama akiuliza nani kapika, Cheche atatoa kichwa mlangoni aseme mpishi ni mimi, si yeye. Walioapa ni wangapi? Mmoja. Cheche hakuapa kitu.

Nimempelekea habari. Akazima mtambo, akavua miwani, akauliza kama kuna mto wowote karibu. Nikamhakikishia hakuna. Akavuta pumzi, akasema sawa.

Dirisha la jikoni linaangalia uani, na mama anaweza kupita akaona mgongo. Kwa hiyo nimeshona aproni mbili za rangi moja, kamba nyuma, hazina kifungo hata kimoja. Dada kapita, kaziona, kakaa kitini.

Mwanzoni nilizikata zote mbili kwa vipimo vyangu ili zifanane. Lakini ya Cheche ilikuwa inambana kifuani, kamba hazikutani, haitazamiki. Nimeifumua nikaikata upya. Sasa imemkaa vizuri sana.